Bibi Aitwaye Baba

Katika lugha ya Kiukraine neno baba halimtaji baba. Baba ni bibi, mama mzaa mama au mama mzaa baba, na kwa upana wake ni mwanamke yeyote mtu mzima wa kijijini ambaye watoto wa watu humwamkia kwa heshima. Mzazi wa kiume huitwa tato, na babu huitwa dido. Mkunga wa kijiji naye ni baba. Siku chache za joto zinazorudi ghafla wakati majani yamekwisha kupukutika, kabla theluji haijafunga njia, huitwa kiangazi cha baba, yaani kiangazi cha bibi. Mfasiri atakayeleta hadithi ya Kiukraine katika Kiswahili hana budi kutua mzigo wake hapa na kufikiri, kwani neno ni lile lile, herufi kwa herufi, na wazee wanaoitwa kwalo hawafanani hata kidogo.

Neno hilo lilivuka bahari ya Atlantiki mwishoni mwa karne ya 19 na kuota mizizi katika mbuga za magharibi ya Kanada, katika majimbo ya leo ya Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Huko baba alikuwa mke wa mkulima, kisha mama wa watoto saba au wanane, kisha bibi wa ukoo mzima; na ndiye anayestahili kukumbukwa hapa, kwa sababu vitabu vya mwanzo vya historia ya uhamiaji ule vilimtaja mumewe kwa jina na yeye wakamweka katika hesabu ya jumla.

Ndiyo desturi ya historia ya uhamiaji kuanza na wanaume, na hii nayo huanza hivyo. Mwaka 1891 wakulima wawili wa kijiji cha Nebyliv katika Galicia, Ivan Pylypiw na Wasyl Eleniak, walifika Kanada kuitazama nchi. Mwaka 1895 Josef Oleskiw, mwalimu wa elimu ya kilimo katika Galicia, alichapisha vijitabu vya kuwaeleza wanavijiji juu ya ardhi tupu zilizokuwa zikigawiwa huko. Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi. Hadi vita vilipozuka mwaka 1914 watu wapatao 170,000 walikuwa wamehama kutoka Galicia na Bukovyna, mikoa miwili iliyokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Waliitwa kwa majina mengi, Wagalicia, Wabukovyna, Waruthenia, na jina la Waukraine likaja kuenea baadaye tu.

Walichokikimbia si siri. Utumwa wa mashambani, ambao ulimlazimisha mkulima kumfanyia bwana mwenye ardhi kazi bila ujira, ulikomeshwa katika Galicia mwaka 1848. Lakini ardhi ilibaki kidogo, na kila baba mzazi alipokufa kiunga chake kiligawanywa baina ya watoto mpaka mrithi akabaki na vipande visivyotosha kumlisha ng'ombe mmoja. Kanada ilimwahidi ekari 160 kwa ada ya dola 10. Mwanakijiji aliyezoea kuhesabu ardhi yake kwa hatua za mguu aliposikia idadi hiyo aliuza jembe, nguo za harusi za mkewe na pengine paa la nyumba, akaingia melini.

Mke hakuulizwa sana. Alichochagua yeye kilionekana katika kifurushi chake: mbegu za kitunguu saumu, za kabichi, za bitiruti, za katani na za popi, zimefungwa katika pembe za kitambaa cha kichwa; picha takatifu ya ukutani; mashati yaliyotariziwa kwa uzi mwekundu na mweusi. Mwenye kutazama kifurushi hicho kwa makini ataona kwamba ndani yake mlikuwa na chakula cha mwaka ujao, ibada, na alama ya kijiji alichotoka, kwa sababu kila wilaya ilikuwa na tarizi yake na mwanamke aliweza kutambulikana kwa mkono wa shati lake.

Safari ilipita Hamburg au bandari nyingine ya Ulaya hadi Halifax au Quebec, kisha siku nyingi za gari moshi hadi Winnipeg na mbele zaidi. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mbugani hapakuwa na mwenyeji wa kuhesabu hata hizo mbili. Familia iliteremshwa mahali penye nyasi na miti, ikaoneshwa vigingi vya mpimaji ardhi, ikaachwa.

Nyumba ya kwanza iliitwa burdei. Ilikuwa shimo lililochimbwa kwenye mwinuko wa ardhi, likaezekwa magogo na kufunikwa mabonge ya udongo wenye nyasi zake. Ndani yake watu sita au zaidi walipitisha miezi ya theluji, na mvua za masika zilipoanguka paa liliendelea kuvuja siku mbili baada ya mbingu kunyamaza. Nyumba ya pili, iliyojengwa mwaka mmoja au miwili baadaye, ilikuwa ya magogo, na hapo kazi ya mwanamke ilianza kuonekana kwa macho. Mwanamume alisimamisha magogo, mwanamke alikandika. Alichanganya udongo wa mfinyanzi, majani makavu yaliyokatwakatwa na samadi, akaukanyaga mchanganyiko kwa miguu mitupu, akaupaka kuta ndani na nje kwa viganja, kisha akazisiliba kwa chokaa nyeupe. Mswahili aliyewahi kuona nyumba ya udongo ikikandikwa hahitaji kuelezwa zaidi, ila aongeze baridi ya kugandisha maji ndani ya ndoo.

Katikati ya nyumba hiyo palikuwa na tanuri la udongo liitwalo pich, nalo pia lilikuwa kazi ya mikono ya mwanamke. Lilikuwa kubwa kama kitanda, na kwa kweli lilikuwa kitanda pia, kwani watoto na wazee walilala juu yake usiku wa baridi. Mkate uliokwa ndani yake mikate mingi kwa mara moja. Kabla ya kuiingiza, mwanamke alipima joto kwa kuingiza mkono au kurusha unga kidogo na kutazama unavyobadilika rangi. Elimu hiyo haikuandikwa popote wakati ule. Ilihama kutoka mkono wa mama hadi mkono wa binti, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa haihitaji kuandikwa. Savella Stechishin, mwanamke wa Saskatchewan aliyesomea elimu ya mambo ya nyumbani na kuzunguka vijijini akiwafundisha wake wa wakulima, alipotoa kitabu chake cha mapishi ya Kiukraine mwaka 1957, aliwaandikia hasa mabinti waliokuwa wakianza kusahau.

Shamba lenyewe lilikuwa na masharti. Mwombaji alitakiwa kukaa juu ya ardhi ile angalau miezi sita ya kila mwaka kwa miaka mitatu, kulima ekari kadhaa zilizowekwa na kujenga nyumba. Akitimiza, hupewa hatimiliki. Lakini plau, maksai na mbegu zilitaka fedha, na fedha hazikuwako mbugani. Kwa hiyo mume alikwenda kuzitafuta katika ujenzi wa reli, katika migodi, katika kambi za wakata magogo, au kwa wakulima wa Kiingereza wakati wa mavuno. Alikwenda majira ya joto, ambayo ndiyo majira ya kazi zote. Mke akabaki na watoto katika nchi ambayo jirani yupo mwendo wa saa nzima. Ndiye aliyeng'oa visiki, aliyechimba bustani, aliyekata nyasi za ng'ombe kwa mundu. Ndiye aliyechimba mizizi ya mitishamba porini na kuipeleka dukani kwa miguu ili apate chumvi na mafuta ya taa. Alipofikwa na uchungu alimtuma mtoto mkubwa akamwite baba wa jirani, yaani mkunga, na kama mkunga hakuwahi alijifungua peke yake.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ukaaji ule wa miezi sita, mara nyingi aliyeukaa ni mwanamke. Ekari zile zilizotakiwa na sheria, sehemu kubwa alizisafisha mwanamke. Nyumba ile iliyotajwa katika fomu kuwa ina thamani kadhaa, kuta zake alizikandika mwanamke. Fomu ilipojazwa iliandikwa jina la mume, na hatimiliki ikatoka kwa jina la mume.

Hilo halikuwa bahati mbaya. Sheria ya ardhi ya Kanada ya mwaka 1872 ilirekebishwa mwaka 1876 ili mwanamke asiweze kuomba shamba isipokuwa awe ndiye mkuu pekee wa familia, maana yake mjane, au aliyeachika akiwa na watoto wanaomtegemea. Mke aliye na mume hakuwa na mlango. Mwaka 1886, katika maeneo yaliyokuja baadaye kuwa Alberta na Saskatchewan, ilifutwa hata ile haki ya kale ya Kiingereza iliyompa mjane sehemu katika ardhi ya marehemu mumewe. Tangu hapo mume aliweza kuliuza shamba bila kumuuliza mkewe, au kulirithisha kwa amtakaye. Msomaji aliyelelewa katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, ambamo mjane mwenye watoto ana thumuni yake isiyoweza kuondolewa na wasia wa mtu, atastaajabu kuona nchi iliyojihesabu kuwa mbele katika mambo ya sheria ikimwacha mjane bila hata thumuni.

Wanawake wa Kiingereza wa mbugani walipiga kelele. Katika miaka ya kabla ya vita ya 1914 walikusanya saini wakidai wanawake nao wapewe mashamba. Dai lao lilikuwa la haki, isipokuwa walilidai kwa ajili ya wanawake wa asili ya Uingereza. Baba wa Kiukraine, hata kama dai lile lingekubaliwa, angebaki nje ya uzio. Serikali ililikataa.

Clifford Sifton, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya uhamiaji kati ya mwaka 1896 na 1905, alieleza mwaka 1922 katika jarida moja la Kanada ni mhamiaji wa namna gani aliyemtaka. Alimtaka mkulima mwenye koti la ngozi ya kondoo, aliyezaliwa juu ya udongo, ambaye wazee wake wamelima kwa vizazi kumi, mwenye mke mnene wa nguvu na watoto nusu dazeni. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi, na wajukuu wa wahamiaji wenyewe huyarudia kwa fahari. Hata hivyo yafaa yasomwe tena polepole. Mke ametajwa baada ya koti. Amehesabiwa miongoni mwa vifaa vya mkulima, kama maksai mzuri, na sifa anayotakiwa kuwa nayo ni ile ile ya maksai.

Vita vilipoanza wengi wa wahamiaji wale walikuwa bado raia wa dola ya Austria, ambayo ilikuwa adui wa Uingereza. Watu wapatao 80,000, walio wengi wao Waukraine, walilazimishwa kujiandikisha kuwa wageni wa taifa adui na kuripoti polisi. Watu 8,579 walifungwa katika makambi kati ya mwaka 1914 na 1920, na wapatao 5,000 kati yao walikuwa Waukraine. Wengi walikuwa wanaume wasio na kazi, waliokamatwa mijini. Wanawake 81 na watoto 156 waliwafuata waume na baba zao makambini, Spirit Lake katika Quebec na Vernon katika British Columbia. Bunge la Kanada lilikiri dhuluma hiyo kwa sheria mwaka 2005, wakati takriban wote walioionja walikwisha kufa.

Ni katika miaka hiyo hiyo ya vita, kwa kinaya cha historia, sheria za ndoa na ardhi zilipoanza kulegea. Mwaka 1916 wanawake wa Manitoba, Saskatchewan na Alberta walipata kura katika majimbo yao. Mwaka 1917 Alberta ilitunga sheria ya kumzuia mume asiuze nyumba na shamba la makazi bila idhini ya mkewe, na ikampa mjane haki ya kukaa hapo maisha yake yote. Ilikuwa hatua. Lakini kukaa si kumiliki, na kazi ya mke ilibaki bila bei. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 1973, Mahakama Kuu ya Kanada ilisikiliza kesi ya Irene Murdoch, mke wa mfugaji wa Alberta. Hakuwa Mukraine, lakini mke yeyote wa mkulima wa mbugani angeweza kuyatambua maisha yake ndani ya ushahidi ule. Kwa miaka 25 alikuwa ameendesha trekta na lori, amekata majani, amechanja ng'ombe na kuwapiga chapa, na mumewe alikuwa hayupo nyumbani miezi mitano ya kila mwaka. Majaji wanne dhidi ya mmoja waliamua kwamba hana sehemu katika ardhi, kwa kuwa aliyoyafanya ni yale yafanywayo na mke yeyote wa mfugaji. Ghadhabu iliyofuata ndiyo iliyosukuma majimbo kubadili sheria za mali ya wanandoa kabla muongo ule haujaisha. Baba aliyekandika nyumba mwaka 1900 hakuishi kuziona.

Yaliyomfika katika uzee wake hayakuwa ya mahakamani. Manitoba ilifuta shule za lugha mbili mwaka 1916, na watoto wakafundishwa kwa Kiingereza peke yake; aliyesema lugha ya mama yake uwanjani aliweza kuadhibiwa. Watoto wakawa na lugha mbili. Wajukuu wakawa na moja, nayo si ya bibi yao. Yeye aliendelea kusema Kiukraine cha kijiji chake kama kilivyokuwa siku aliyopanda meli, akikiongezea maneno aliyoyaokota njiani na kuyavika nguo za kwao: shamba aliliita farma, motokaa akaiita kara, duka akaliita shtor. Mswahili, ambaye naye ameivika shati na gari nguo za kwake, hatamcheka. Mjukuu aliyetoka mjini alikaa jikoni naye, kila mmoja akimpenda mwenzake, na mazungumzo yao yakawa sahani. Kula. Kula tena. Usiku wa kuamkia Krismasi vyakula 12 visivyo na nyama vilipangwa mezani, cha kwanza kikiwa kutia, ngano iliyochemshwa na kutiwa asali na popi. Huenda mtoto hakujua maana ya hata kimoja, lakini alijua ni nani aliyevipika.

Aliyejaribu kumrudishia baba sura yake ni mchoraji. William Kurelek alizaliwa karibu na Whitford katika Alberta mwaka 1927. Mama yake, Mary Huculak, alikuwa binti wa walowezi wa kwanza waliotoka Bukovyna. Baba yake, Dmytro, alikuja kutoka huko huko mwaka 1924 na kufanya kazi katika shamba la wakweze wa baadaye. Mwaka 1934 familia ilihamia Manitoba. Kijana hakufaa kwa kazi za shamba, na baba yake hakumficha alivyomdharau. Akakua na jeraha hilo, akaugua akili, akatibiwa Uingereza, akarejea na kuishi Toronto kwa brashi yake hadi kifo chake mwaka 1977.

Mwaka 1964 Kurelek alionesha mfululizo wa picha juu ya mhamiaji anavyolima Kanada. Ulikuwa heshima kwa baba yake, yule yule aliyemtesa moyo. Mfululizo juu ya wanawake Waukraine waliofungua mashamba ya Kanada ulikuja miaka mitatu baadaye, mwaka 1967, nao ulikuwa heshima kwa mama. Hata mwana mwenye huruma, aliyeteswa na baba na kutunzwa na mama, alianza na baba. Ila alipomfikia mama hakumfanya malaika. Alimchora akiwa kazini, mdogo chini ya mbingu kubwa ya mbuga ile, mgongo umeinama, na ukubwa wa mbingu ndio unaomwonesha mtazamaji ukubwa wa kazi.

Makaburi yake yamo kando ya makanisa ya mbao yenye kuba, yaliyotapakaa kutoka Manitoba hadi mashariki ya Edmonton. Mawe ya zamani yamechongwa kwa herufi za Kisirili, ambazo vitukuu wengi hawawezi kuzisoma. Mapya yana Kiingereza, na aghalabu jina la ukoo wa mume limekaa juu kwa herufi kubwa. Baada ya Pasaka jamaa hukusanyika hapo na mikate na mayai yaliyopakwa rangi, na padri hupita baina ya makaburi akisoma majina ya wafu kutoka katika karatasi alizopewa na familia. Katika ibada hiyo ya mashariki marehemu hutajwa kwa jina la ubatizo tu. Hapana jina la ukoo, hapana jina la mume, hapana namba ya shamba. Padri husoma Maria, Anna, Paraskeva, Yelena, Maria tena, na watu husimama kwenye nyasi wakisubiri wa kwao afikiwe.